Kwa Nguva, Githurai 44: Kula Kwanza, Picha Baadaye

Mgahawa huu hauna jina lililoandikwa mahali popote. Mwenyewe, Mkongomani, ameishi kwa kuandika mabango ya watu, ya vinyozi, ya mabucha, ya maduka ya dawa, kutoka Lubumbashi hadi Nairobi, lakini alipofungua pake ukutani hakuweka hata herufi moja. Alichora mamba-mtu: mwanamke mwenye mkia wa samaki, amekaa juu ya jiwe katikati ya maji ya buluu, kitana mkono wa kulia, kioo mkono wa kushoto, na saa ya dhahabu ameivaa. Watu wa Githurai walipomwona wakasema ni nguva, na tangu hapo mahali pamekuwa Kwa Nguva. Ukishuka stegi mwambie mwenye bodaboda hivyo hivyo. Atakupeleka upande wa 44, barabara ya Kamiti, bila kukuuliza swali la pili.

Nimeandika haya kwa sababu ya video za mahali hapa zinazosambaa mitandaoni. Kila mara naona vijana wamesimama mbele ya ule ukuta, wakijipiga picha na kuzituma huku na huku, na chini yake wameandika kwamba ni mahali pazuri sana. Wamekula nini? Hawasemi. Wengi huagiza chipsi na soda, picha zikiisha wanaondoka. Mzee wa watu yuko jikoni tangu alfajiri na samaki wake, nami jambo hili linaniuma. Picha zile ni nzuri kweli, na nitazifikia. Lakini huu ni mgahawa, basi upimwe kwa chakula. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, nimelelewa na wanawake ambao mchuzi ukipungua chumvi walikuwa hawasamehe, na nasema bila kusita kwamba samaki wa ziwa na bwawa bora niliyemla Nairobi nimemla pale.

Anza na liboke. Huyo ni samaki aliyefungwa ndani ya majani akaokwa juu ya makaa. Kwao Kongo wana majani yao ya msituni. Hapa Papa, mwenye mgahawa, hutumia ya mgomba (kila mtu anamwita Papa, hata askari wa kaunti). Huyababua kwanza motoni, moja moja, mpaka yalegee na kung'aa, kisha huyalaza mawili kwa kupishana ili mchuzi usipate tundu la kutokea. Ndani anaweka kambare aliyekatwa vipande vinene na mfupa wake, vitunguu maji vingi, nyanya, kitunguu saumu, ndimu, kijiko cha mawese, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Maji hatii kabisa. Mchuzi wote utakaoukuta humo ni wa samaki na nyanya. Bunda linafungwa kwa kamba ya mgomba na kuwekwa kwenye makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, kwa maana moto mkali huunguza jani kabla samaki hajaiva, na jani likitoboka kazi yote imepotea.

Wengi wetu tunamkimbia kambare kwa harufu ya tope. Hapa hutaisikia. Nilimuuliza siri yake akanipeleka nyuma akanionyesha pipa. Kambare anawanunua wazima kwa wafugaji wa mabwawa upande wa Kiambu, anawaweka katika maji safi kutwa na usiku bila kuwapa chakula, na maji anayabadilisha. Tope linawatoka lenyewe. Kisha wakichinjwa wanamwagiwa maji ya moto na kusuguliwa kwa ndimu mpaka ule utelezi uishe. Ni kazi ya siku nzima kwa sahani ya shilingi 650, na sahani hiyo inawatosha watu wawili.

Liboke ikija mezani, usikubali wakufungulie jikoni. Kata kamba mwenyewe. Mvuke wa kwanza una harufu ya jani lililobabuka na mawese kwa pamoja, na mara tu ukiinamisha pua utajua kama pilipili imepasuka au la. Ikiwa nzima, itoe uiweke kando, uibonyeze kidogo kidogo kwa kidole kadiri ya ujasiri wako. Nyama inaachana na mfupa bila kuvutwa. Ule mchuzi wa chini, mwekundu, mzito, uliokusanyika kwenye mkunjo wa jani, huo ndio wa kuchovya bukari, yaani ugali wao, na ukiwa na mwenzio mezani mkubaliane mapema nani ataumaliza.

Bukari yao ni ya unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo. Inasongwa laini, inavutika, haina hata chembe. Mwenye kuzoea sima ngumu ya Nairobi ataona inamshika vidole. Lowesha vidole kwenye bakuli la maji wanalokuletea, kata tonge dogo, lizungushe, basi. Ukishindwa watakusongea ugali wa kawaida, na hawatakununia. Lakini mchuzi ule umepikwa kwa ajili ya bukari.

Sasa sombe. Samaki ni wa Papa, sombe ni ya mkewe, mama wa Bukavu, mtu asiyesema sana na asiyekubali kusaidiwa kutwanga. Majani ya muhogo anayachagua mwenyewe soko la Marikiti, machanga, yale ya kileleni tu, na anayatwanga kwa kinu nyuma ya jengo. Kuna mashine ya kusagia pale jirani, haitaki. Anasema mashine inakata jani wakati kinu kinalivunja, na ukila vya sehemu mbili utamwelewa: ya mashine ina nyuzi fupi zinazochoma ulimi, ya kinu inakuwa mororo moja. Baada ya hapo inachemshwa bila kifuniko, muda mrefu, maji yakamwagwa na kuongezwa mengine. Si ushirikina wa jikoni huo. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi, na ni kutwanga na kuchemsha kwa muda ndiko kunakoitoa. Mgahawa wowote ukikupa sombe iliyopikwa nusu saa, inuka uende zako.

Ndipo yanaingia mawese, bilinganya, vitunguu vya majani, pilipili hoho, na dagaa wa Tanganyika waliokaushwa. Nazi haimo. Mimi nimekulia kisamvu cha nazi chenye kunde ndani, na tui ni jambo la utotoni ambalo silitoi moyoni. Tui hutuliza majani, huyafanya laini na matamu. Mawese yanayaacha na uchungu wao kidogo kisha yanaupa uchungu huo uzito, na dagaa wanaleta chumvi ya moshi mwishoni. Sitaki kuamua kipi kimeshinda. Nitasema tu kwamba Ramadhani, saa kumi jioni, kichwa kikiwa kimeanza kuuma, ninachokiwaza ni sombe ya yule mama. Sahani ni shilingi 300 pamoja na bukari.

Watu hawa niliwajua kabla hawajawa na mgahawa. Mimi ni karani katika duka la spea Kirinyaga Road, ambako wakongwe bado tunapaita Grogan. Uani kwetu na kwenye vichochoro vya jirani ndiko matatu zilikopakwa rangi, na miaka ile ya tisini rangi zilikuwa ndiyo matatu yenyewe. Gari lisilochorwa halikupata abiria vijana. Wachoraji walikuwa Wakenya wengi na wageni wachache, na katika wageni alikuwapo Mkongomani mmoja mwembamba aliyekuwa hatumii kipimo wala karatasi ya kunakilia. Angesimama mbele ya basi tupu na kopo la rangi, akaanza na jicho. Uso mzima ulitoka kwenye jicho hilo.

Lubumbashi, alikotoka, si mahali padogo katika habari ya uchoraji. Ni mji wa shaba wa Katanga, ambao Wabelgiji waliuita Élisabethville. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar, na humo wakatoka kina Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Bela aliyechora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga mwenye vistari vingi vyembamba. Picha zao zilinunuliwa zaidi na Wazungu. Papa ni wa mkondo mwingine, wa wachoraji wa mtaani waliokuja baadaye na kuwachorea wafanyakazi wa migodi na wa reli picha za kutundika sebuleni: mamba-mtu mwenye kuleta utajiri, simba, treni, Patrice Lumumba waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na ile ya zama za Mbelgiji ambamo mfungwa analazwa chini na kuchapwa viboko. Anayejulikana kuliko wote wa mkondo huo ni Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia yote ya nchi yake kwa picha zipatazo mia moja, na maelezo yake aliyatoa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Wenzetu wengi hapa hawajui kwamba kazi kubwa namna hiyo ilisimuliwa kwa lugha yetu, nami nisingeijua kama nisingekuwa nangojea samaki wangu huku Papa akinieleza.

Yeye alianza akiwa mtoto wa kuosha burashi kwa mchoraji mmoja katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kasai, jimbo jingine la Kongo, na mwaka 1992 na 1993 watu wa asili hiyo walifukuzwa Katanga, familia kwa familia, pamoja na waliozaliwa pale pale. Wengi walipakiwa kwenye treni kurudi Kasai wasikokujua. Papa alielekea kusini, akavuka Kasumbalesa kuingia Zambia, akapanda hadi Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, mwisho Nairobi. Kila mji alilipia chakula na malazi kwa ukuta. Anaikumbuka safari ile kwa alichokichora: hapa baa, hapa kinyozi, hapa kanisa.

Alipofika Nairobi, kila aliyesikia lafudhi yake alimuuliza anapiga gita katika bendi gani. Si ajabu. Super Mazembe walikuwa wamehamia huku mwaka 1974, Baba Gaston akafuata 1975, Mangelepa wakachipuka kutoka bendi yake mwaka uliofuata, kisha Samba Mapangala na Virunga yake. Mkongomani kwetu alikuwa mwanamuziki mpaka athibitishe vinginevyo. Hilo lilimfungulia milango mingi, lakini lilimfungia mmoja: hakuna aliyemfikiria kama mchoraji. Alipeleka picha zake kwenye nyumba moja ya sanaa ya mjini wakazihifadhi miezi mingi wakamrudishia, mbili zimekunjwa vibaya hadi rangi ikapasuka. Hakurudi tena huko. Matatu ndizo zilizomtambua.

Halafu ikaja Februari 2004. Sheria za waziri John Michuki zilitaka mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, abiria kumi na wanne, na mstari wa manjano ubavuni. Mengi katika hayo yaliokoa roho za watu, siyabezi. Lakini michoro iliondoka kwa siku chache tu. Nilikuwa pale. Magari yaliingia uani yakiwa na sura na majina na mawimbi ya rangi, yakatoka meupe. Na waliopewa kazi ya kuyafuta ni wale wale waliochora. Papa alifuta kazi zake kwa mkono wake, kisha kwa muda mrefu alichokuwa akikichora ni mstari wa manjano. Gari moja, mstari. Gari la pili, mstari. Mtu anayeweza kutoa uso kwenye jicho moja.

Siku hizo mkewe ndiye aliyekuwa akija saa saba na hotipoti mbili, moja ya sombe na moja ya bukari, kwa ajili ya mumewe na wenzake wawili watatu. Harufu ilitufikia dukani. Tukaanza kuomba tuuziwe. Baada ya wiki chache hotipoti zikawa nne, na mafundi wa spea, makanga na sisi makarani tukawa tunapanga foleni. Papa akaona. Mistari ya manjano ilikuwa inakwisha, maana magari yote yalishapakwa, na mabango yalikuwa yameanza kuchapishwa kwa mashine. Akaleta jiko la makaa, akaanza samaki, kwa namna aliyoiona kwao kwenye vilabu vya jioni ambako mwanamume ndiye anayesimama motoni. Kibanda kikazaliwa nyuma ya gereji. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 na kodi za Grogan kupanda, wakahamia Githurai.

Miaka kumi baada ya zile sheria, serikali ya Uhuru Kenyatta iliporuhusu michoro irudi kwenye matatu, wenye magari walimfuata. Nilidhani ataacha kila kitu aende. Akawaambia ana samaki motoni. Mimi nilisikitika, na siku moja nilimwambia hivyo. Alinijibu kwa Kiswahili chake: "Mama, samaki njo kazi yangu sasa. Ile ya ukutani iko ya kuita watu." Nimeiweka kauli hii hapa ili wanaokuja kwa ajili ya ukuta peke yake waisikie.

Basi, kuhusu hizo picha. Ndani ziko kama kumi na zinabadilika. Kwao walichora juu ya magunia ya unga ya pamba. Magunia ya unga ya hapa ni ya nailoni, rangi haikai, kwa hiyo ananunua kitambaa cha marekani, anaipaka sabuni na gundi, anaitandaza kwenye fremu za mbao za masanduku. Juu ya meza ya malipo yuko Lumumba amefungwa mikono, miwani hana, na kando yake leseni ya kaunti katika fremu ambayo Papa ameichora maua ya muhogo kuizunguka. Kuna treni inayopita katikati ya nyasi ndefu, watu wamekaa juu ya paa na masanduku, na ukijua habari ya 1992 hutaiangalia kwa haraka. Ninayoipenda mimi ni moja iliyoko karibu na jiko, imeshashika moshi. Ni foleni ya matatu usiku, zote nyeupe, zote na mstari wa manjano, zimefanana kabisa. Rangi zote ziko madirishani, kwenye nyuso za abiria: nyekundu, kijani, zambarau, kila mtu na rangi yake, hakuna wawili waliofanana. Hajaiuza ingawa nimesikia watu wakimtajia bei. Nadhani ndiyo kazi yake bora, na ingefaa iwe mahali pasipo na moshi.

Nguva wa nje amewakwaza baadhi ya majirani. Wapo wanaoona ni jini, na kwamba anayekula chini yake ameingia mkataba. Mimi wa Pwani siwacheki, najua hofu hiyo ilivyo na nimelala nayo utotoni. Papa hakubishana nao. Alitoboa mlango upande wa jikoni, na asiyetaka kupita chini ya nguva anapitia huko, anakaa meza ya nyuma, anahudumiwa sawa na wengine. Kina mama kadhaa wa kanisa la jirani wanakula huko kila Ijumaa.

Sasa mengine kwa haraka, maana si yote ni mazuri sawa. Mbuzi wa kuchoma, wao humwita ntaba, amekatwa vipande vidogo, ana vitunguu vingi na limau, anakuja kwenye karatasi pamoja na ndizi za kukaanga. Nusu kilo ni 700, ni mtamu, ila Nairobi ina mbuzi wengi watamu na si yeye wa kukufanya upande matatu. Makayabu, yule samaki wa chumvi anayetoka mbali, ni 900 na mara nyingine chumvi haijatoka vizuri. Mikate, vile vitumbua vyao vya mviringo vya ngano vya kukaanga, asubuhi ni shilingi 10 kimoja na ni vyepesi, ndani vina matundu, ukila vitatu hujashiba. Mimi huvichukua na kwenda navyo kazini. Tangawizi yao baridi, yenye ndimu na sukari kiasi, ni kali hadi machozi, na ndicho kinywaji pekee kinachofaa na liboke.

Wali hapana. Unapikwa kwa ajili ya wanafunzi wa mtaa wa Kahawa, unakuwa bwabwa, hauna mafuta wala chumvi ya kutosha, na nimemwambia mama mwenyewe kwa heshima zote. Chai pia hapana, ni ya maziwa ya unga. Chipsi ni chipsi. Zinasaidia kulipa kodi ya nyumba, sina ugomvi nazo, lakini ukienda pale ukala chipsi usiseme umekula Kwa Nguva.

La kukuonya zaidi ni muda. Liboke inahitaji dakika 45 motoni na hakuna njia ya mkato, kwa hiyo piga simu kabla ya kuondoka nyumbani, namba iko mlangoni na ukishakwenda mara ya kwanza utakuwa nayo. Ukifika bila kupiga, utaambiwa "iko njiani", na utakaa sana. Jumamosi mchana meza hazitoshi, zipo saba tu, na hawapendi kukufukuza, kwa hiyo anayemaliza kula hukaa akizungumza huku wewe umesimama. Papa anapaswa kuongeza viti vya nje, nafasi ipo. Choo ni cha jengo zima, nenda ukiwa umejiandaa. Mwenye mtoto mdogo asimweke karibu na upande wa jiko.

Kwa Waislamu wenzangu, maana hili nililiuliza kabla sijaketi: nguruwe hapikwi, pombe haiuzwi, na mbuzi anatoka kwa bucha ya Mwislamu mtaa wa pili. Ukitaka kuhakikisha uliza, watakuonyesha bila kukasirika. Wakati wa Ramadhani wanaweka tende na tangawizi mezani magharibi, hawazitozi.

Ukitaka kumwagiza picha, ya ukuta wa duka au ya sebuleni, subiri mpaka saa tisa makaa yakishapoa. Kabla ya hapo hatakusikiliza, naye ana haki. Bei anaitaja mara moja. Usimshushe, ulizia tu atamaliza lini, kwa sababu hapo ndipo atakaposema muda mfupi kuliko ukweli.

Malipo ni taslimu au M-Pesa. Hufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya mikate, samaki kuanzia saa sita, na hufunga saa tatu usiku. Sombe hupikwa Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na ikifika saa nane mchana huwa imekwisha. Jumatatu wamefunga.